Niliacha riwaya za mapenzi nikawa mshauri wa biashara, hapa Lubumbashi

Dada, umeuliza kama ukikubali kazi ya kuwashauri wafanyabiashara wadogo utakuwa umekiua kipaji chako, maana miaka sita ya hadithi za mapenzi haijakulipia hata kodi ya nyumba. Njia hiyo nimeipita.

Nilianza na vijitabu vya fotokopi, kurasa 32, pini mbili, nikiviuza komini ya Kenya (wa mbali msishangae, Kenya ni mtaa wetu). Ikaja WhatsApp: sura moja kila Ijumaa, ya mwisho ni ya kulipia. Wakalipa watu wanne, Jumamosi asubuhi mji mzima unayo. Nikampa mchapishaji mmoja avansi ya dola 300 atoe riwaya kamili. Sijaiona hadi leo.

Aliyenitoa huko ni jirani yangu, mama muuza bunga (unga), msomaji wangu wa kila Ijumaa. Mwishoni mwa 2017 alinijia na kaye yake, daftari la hesabu, mkononi, machozi yanamlengalenga. Wateja wamejaa, mtaji unayeyuka, na alishamshuku shemeji yake kuwa mwizi. Mhasibu angefungua ile kaye. Mimi nilimwuliza kama ninavyowauliza wahusika wangu: nisimulie siku zako, tangu unapoamka. Akasimulia. Mifuko anainunua Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa dola, anauza meka moja moja (kopo la kupimia) kwa franka, zile franka anazifunga kwenye kitenge wiki tatu mpaka zitoshe safari.

Wiki tatu! Mwanzoni mwa 2016 dola ilikuwa franka 900 na kitu. Mwaka 2017 ulipoisha ilikuwa karibu 1,600. Na bei ya meka hakuthubutu kuipandisha, anaogopa kukimbiwa. Nikamwuliza: safari hizi tatu ulirudi na mifuko mingapi? Akahesabu kwa vidole: 20, 18, 17. Akanyamaza. Tangu siku ile hahesabu franka, anahesabu mifuko, na kila jioni anapita kwa wabadili pesa kabla ya kurudi nyumbani. Shemeji aliombwa radhi kwa kuku mzima.

Basi wakaanza kuja wengine. Nilisoma uhasibu jioni, miezi mitatu, na sheria kidogo. Nawe usome, angalau ujue kwamba tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, mfanyabiashara mdogo anaweza kutoa tamko tu na kutambuliwa kama « entreprenant », bila kupita njia ndefu ya kampuni.

Ila kuna ugonjwa wetu sisi waandishi, nao ulimponza mtu: tunapenda hadithi iishie vizuri. Binti mmoja msusi alinieleza ndoto ya saluni ya pili, alivyoieleza nikaiona hadi pazia zake. Nikamtia moyo. Ilifungwa mwezi wa tano tangu ifunguliwe. Kodi sikuipigia hesabu, nilipenda simulizi. Bado tunasalimiana, lakini si kama zamani.

Kipaji hakikufa, muda ndio uliokufa. Wateja wanapiga simu saa nne usiku, na sentensi zangu zimekauka, zinanuka risiti. Malipo chukua nusu kabla ya kuanza. Akikulipa kwa bunga, pokea.

Mama yule akiniona bado ananidai sura: « Yaya, yule munganga wa Likasi alimuoa ao hapana? » Namwambia Ijumaa. Ni Ijumaa ya mwaka wa tatu sasa.