Kasha la mwaloni la kizamani linaanzia kwenye kabari

Jamani wapenzi wa useremala, kila nikiweka picha za makasha ya mwaloni ya Uingereza ya zama za kati naulizwa nilitumia msumeno gani. Msumeno wekeni pembeni kwanza. Mafundi wa karne ya 13 walipasua gogo kwa kabari na nyundo kubwa ya mti, nusu, halafu robo, halafu vipande vya pembe tatu kama unavyogawa keki, na nami nafanya hivohivo mpaka leo. Pasua likiwa bichi, maana mwaloni ukishakauka unatafuna patasi balaa, tena utafute gogo lililonyooka lisilo na mafundo, lingine usikubali hata ukipewa bure. Ubao uliopasuliwa toka moyo wa mti kwenda kwenye ganda unafuata nyuzi zake, haupindi hovyo, na ukiuranda unatokea ule mng'ao wa mabaka ambao msumeno ukipita tu hapa na pale unaupoteza.

Kuunga ndo napapenda zaidi. Ubao wa mbele unalala, ncha zake zinachongwa ulimi zinaingia kwenye nguzo mbili pana zilizosimama, na nguzo zenyewe zinashuka zinakuwa miguu, ndo maana nguo na nyaraka hazikunyonya unyevu wa sakafu ya mawe. Gundi ya nini? Toboa nguzo, halafu tundu la kwenye ulimi lisogeze kama milimita 1 au 1.5 kuelekea kwenye bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia, ukigonga kijiti cha mwaloni mkavu utaona kabisa kiungo kinajivuta na mwanya unafunga mbele ya macho yako, raha sana. Kijiti kipasue pia, usikikate kwa msumeno, kitavunjikia ndani.

Yapo makasha mengine ya mbao sita zilizopigwa misumari ya chuma, ni rahisi kutengeneza ila mbao za ubavuni nyuzi zimesimama na za mbele zimelala, zikisinyaa zinavutana, ndo unayakuta mengi yana nyufa mbele. Na chuma angalieni, mwaloni mbichi una tanini, kemikali ya mti inayogeuka nyeusi ikigusa chuma, ukiacha klampu (kibanio) ya chuma juu ya ubao usiku mmoja asubuhi kuna doa jeusi tii.

Kama uko Uingereza nenda makanisa ya vijijini ukayaone, bado yapo mengi. Mwaka 1199 Papa Innocent III aliagiza kila kanisa liweke kasha la sadaka ya vita vya msalaba lenye funguo tatu, moja ya askofu, moja ya padri, moja ya muumini, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Omba ruhusa, kisha angalia nyuma ya kifuniko, utakuta mengine hayana bawaba kabisa, kifuniko kinazunguka kwenye pini tu. Chukua vipimo hapohapo, hasa unene wa nguzo, kwa sababu kwenye picha huwa unaonekana mdogo kuliko ulivyo.