Usisaini makabidhiano kabla hujazima swichi kuu ya umeme

Ndugu yangu, weka kalamu chini. Umesema wiki hii unapokea chumba cha udhibiti chenye kamera 64, na mkandarasi amekuhakikishia kwamba UPS kubwa iliyomo chumbani (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika) inabeba kila kitu. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nikaamini, nikasaini, na mali ya ghala ikaibiwa.

Umeme ulikatika saa nane usiku. Chumbani taa hazikutikisika, skrini zikabaki zimewaka, rekoda ikaendelea kunguruma. Lakini picha hazikuwepo, hata moja. UPS ilikuwa inalisha chumba peke yake. Kamera zilipata umeme kupitia kebo ya mtandao, kutoka kwenye swichi za mtandao, yaani vifaa vinavyounganisha kamera na chumba, zilizofungwa kwenye makabati huko kwenye korido na maghala, na makabati hayo yalichomekwa kwenye soketi za kawaida za ukutani. Jenereta likawaka vizuri tu, likalisha laini ya dharura ambayo makabati hayakuwemo. Saa 3 nzima vijana wangu walikaa mbele ya skrini tupu.

Kibaya zaidi ni milango. Kufuli za sumaku hushikwa na umeme. Ukikosekana zinaachia, na ndivyo zinavyotakiwa ziwe ili watu watoke moto ukizuka. Zetu zilikuwa na betri za akiba, ila hakuna aliyewahi kuzipima, na zilikuwa zimekufa. Kwa hiyo dakika ile ile tuliyopofuka, milango ya ghala ilifunguka. Asubuhi wapelelezi wakaniomba picha. Nikawapa saa 3 za weusi.

Yule mshauri aliyechora mfumo alikuja, akakagua, akaniambia bila haya: "Lakini UPS ilifanya kazi." Nina hasira naye mpaka leo. Alilipwa kwa kuchora, na katika michoro yake yote hapakuwa na mstari mmoja unaoonyesha kila kabati linakula umeme wa wapi. Siku ya makabidhiano alinionyesha kamera zinavyozunguka na kuvuta sura za watu kwa karibu, nami nikakenua meno.

Kwa hiyo zima swichi kuu. Izime kweli, wewe mwenyewe ukiwa umesimama pale, mkandarasi akiwepo, na mlinzi kwenye kila mlango. Fanya hivyo usiku, maana giza likiingia kamera huwasha taa zao za infraredi, zisizoonekana kwa macho, na kula umeme mwingi zaidi kuliko mchana. Betri iliyofaulu adhuhuri inaweza kukuangusha usiku. Acha jenereta lisiwake mpaka betri zifike muda ulioandikwa kwenye mkataba. Hesabu picha zilizobaki, gusa kila mlango, kisha angalia kama rekoda imehifadhi kipindi chote. Rudia zoezi hilo mara kwa mara, kwa sababu betri za madini ya risasi zikikaa kwenye kabati lenye joto huchakaa upesi: kila nyuzi joto 10 za Selsiasi juu ya 25 hukata maisha yake karibu nusu.

Uliuliza pia kuhusu ukubwa wa ukuta wa skrini. Usihangaike nao. Mwanasaikolojia Mackworth alipima umakini wa watazamaji mwaka 1948, akaona unaporomoka ndani ya nusu saa ya kwanza. Skrini 64 mbele ya mtu mmoja ni pambo. Acha kengele za milango na vihisi ndizo zimwitie picha.

Kesho mwulize mkandarasi swali hili: swichi ya mtandao iliyo kwenye kabati la mbali kuliko yote inapata umeme wapi? Akikujibu akiwa amekaa kwenye kiti, mwinue mwende mkalifungue hilo kabati pamoja.