Usilale Folegandros usiku wa kuamkia ndege

Mkuu, badilisha hiyo tiketi leo hii. Umeandika kwamba mtatoka Folegandros, kile kisiwa kidogo cha Ugiriki, asubuhi ya tarehe 16 Agosti kwa boti ya kasi, mshuke kisiwa cha Santorini saa tano, na ndege ya Frankfurt inaruka saa kumi jioni, halafu unauliza kama muda wa katikati utatosha. Muda si tatizo. Tatizo ni siku ambayo boti haiji kabisa, na Agosti siku hizo zipo.

Kinachozuia boti ni upepo, wanauita meltemi. Unavuma kutoka kaskazini majira yote ya joto, na Julai na Agosti ndio kilele chake, kwa kuwa kanieneo ya hewa inakuwa kubwa upande wa Balkani na ndogo upande wa Uturuki. Sisi tuliokulia pwani tumezoea kusoma mawingu: mbingu ikitanda weusi, nahodha hatoki. Kule unavuma kukiwa na jua kali na anga safi, ndiyo maana mgeni hastuki.

Sisi yalishatukuta hukohuko Folegandros. Asubuhi yetu ya kuondoka tulishuka bandarini Karavostasis na mabegi, watoto wameshakunywa chai. Ndani ya ghuba maji yametulia, vijana wanaogelea. Ukitupa macho nje ya rasi, bahari nyeupe tupu, upepo unakata vichwa vya mawimbi na kuyarusha povu. Mlango wa kibanda cha tiketi umebandikwa karatasi, Kigiriki kitupu, na dada wa ndani anatikisa kichwa kabla hujafungua mdomo. Mamlaka ya bandari imezuia boti zisitoke. "Kesho, labda," akasema. Ya kesho nayo ikafutwa.

Sasa sikia hesabu ilivyo. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010, boti ikifutwa unachagua kurudishiwa nauli au kusafirishwa baadaye. Lakini ikiwa sababu ni hali ya hewa ya hatari, fidia hakuna na hoteli hawakulipii. Nauli ya boti tulirudishiwa yote. Ndege ilikuwa tiketi nyingine kabisa, haihusiani na boti, ikaruka bila sisi, na tukanunua upya tiketi za familia nzima kwa bei ya Agosti. Pesa hiyo ilizidi malazi ya safari yote.

Aliyenikera mpaka leo ni wakala aliyetupangia. Nilimuuliza waziwazi: kuna hatari yoyote kusafiri siku hiyohiyo ya ndege? Akajibu kwamba ni chini ya saa moja majini, mtapata hata nafasi ya kula. Mtu anayeishi kwa kuuza tiketi za visiwa vile anaujua meltemi kuliko jina la jirani yake! Aliujua, akanyamaza, akachukua kamisheni yake. Kwa hiyo anayekwambia "dakika hamsini tu" mwulize swali moja: upepo ukizuia boti, mimi ninalala wapi na ndege ananilipia nani?

Kwako ni pabaya zaidi kwa mambo mawili. Tarehe 15 ni Kupalizwa Bikira Maria, sikukuu kubwa mno kwa Wagiriki, watu wanajaa visiwani na kurudi bara wakati mmoja. Boti ya 16 ikifutwa, za 17 zimeshajaa watu wenye tiketi zao. La pili, umesema mama ana viza ya Schengen inayoisha siku mbili baadaye. Sheria inaruhusu kuongezewa siku bila malipo kwa dharura isiyozuilika, lakini fikiria kuanza kutafuta ofisi na kujieleza wiki ya sikukuu, mama mtu mzima yuko pembeni amekalia begi.

Folegandros haina uwanja wa ndege, Santorini inao. Basi Folegandros iwe mwanzo, Santorini iwe mwisho, na usiku wa mwisho mlale kisiwa chenye uwanja. Kwa Agosti mlale siku mbili. Najua mnakimbia umati na bei za Oia, kijiji cha Santorini kinachojaa watalii. Tafuteni kijiji cha Karterados, ni karibu na Fira, mji mkuu wa kisiwa, na uwanja hauko mbali. Na mkifika Athinios, bandari ya Santorini, msiwe na haraka ya chochote, iko chini ya jabali, barabara inapanda kwa kona kali, na meli mbili zikishusha pamoja magari hayasogei.

Boti ya kasi au meli kubwa? Za kasi huzuiwa mapema upepo ukianza. Meli za kubeba magari hustahimili zaidi, ila kati ya visiwa hivyo viwili haziji kila siku. Angalia kama kuna ya tarehe 13 au 14, kata hiyo, kisha weka hapa ratiba mpya tuione kabla hujalipa hoteli.