Kabla Hujasema Pampu ya Vakyumu Imekufa

Nilipoanza kazi kwenye maabara ya kupima maji hapa Mwanza, tulipoteza wiki nzima tukihangaika na pampu mpya ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa kutoka ndani ya chupa. Mshale wa geji ulipanda hadi sentimita 66 hivi za zebaki ukagoma hapo, ilhali geji yenyewe imeandikwa hadi 76. Tukabadilisha mipira, tukapaka grisi kwenye maungio, tukaleta chupa nyingine, wapi! Barua ya kumrudishia muuzaji pampu yake ilikwishaandikwa. Akaingia fundi wa friji, mzee mmoja wa Kirumba, aliyekuja kwa kazi nyingine kabisa. Tukamwamkia, akaitazama ile geji, kisha akauliza, "Wanangu, hiyo 76 ni ya wapi?"

Ni ya pwani. Geji ya namna hii hupima tofauti kati ya hewa iliyo nje na iliyobaki ndani. Dar es Salaam, uzito wa hewa huinua zebaki sentimita 76. Sisi wa Ziwa Victoria tuko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu huinua takribani 66 tu. Hakuna pampu duniani inayoweza kuvuta hewa isiyokuwepo. Kwa hiyo ukiwa Mwanza, Musoma au Bukoba na geji yako inasoma 65, pampu yako ni nzima. Ile barua tuliichana.

Tangu siku hiyo, nikiambiwa pampu imekufa, kitu cha kwanza ninachotazama ni oili. Pampu za oili huuawa na maji kuliko kitu kingine chochote. Mvuke wa sampuli ukivutwa ndani, pampu huukandamiza, unageuka maji na kuchanganyika na oili. Kwenye kile kidirisha cha kuonyesha oili utaona rangi ya maziwa. Oili ya namna hiyo haivuti vizuri, na ukiiacha wiki kadhaa, kutu inaanza kula chuma.

Dawa yake iko kwenye pampu yenyewe, ila wengi wanaogopa kuigusa: ni kile kitufe cha gesi balasti. Mjerumani Wolfgang Gaede aliibuni mwaka 1935. Ukikifungua, hewa kidogo ya nje huingia wakati wa kukandamiza, na mvuke unatoka kabla haujawa maji. Nguvu ya kuvuta hupungua kidogo, usishtuke. Mimi huiwasha pampu dakika 20 hadi 30 kabla ya kazi, mdomo wa kuvutia hewa umefungwa, ipate joto. Kazi ikiisha naiacha izunguke tena muda kama huo, balasti ikiwa wazi. Maziwa yakigoma kuondoka, mwaga oili, weka mpya.

Na oili mpya isiwe ya gari, nawasihi. Oili ya injini ina dawa zake za kusafisha injini na hutoa mvuke mwingi, hivyo vakyumu nzuri hutaipata. Maduka ya spea za friji huuza oili ya pampu ya vakyumu. Soma lebo, kwa sababu oili ya kompresa hukaa rafu hiyohiyo na ni kitu kingine. Kisha linganisha na kitabu cha pampu yako.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kimbilia koki ya kuingizia hewa kabla ya kitu kingine. Pampu ikisimama na mfumo bado una vakyumu, oili inaweza kupanda kwenye mpira hadi kwenye sampuli yako. Hata siku ya kawaida, fungulia hewa kwanza ndipo uzime. Na kati ya chupa ya kuchujia na pampu weka chupa tupu ya kunasa maji. Ni kitu rahisi, kimeokoa pampu zetu mara nyingi.

Kama kazi yako ni kuchuja tu, yaani kupitisha mililita 100 kwenye kichujio cha mikromita 0.45 kutafuta bakteria, huhitaji pampu ya oili. Ile ya kiwambo, isiyotumia oili, inatosha kabisa, na shule ningezishauri zianzie hapo. Ile ya kufunga kwenye bomba la maji, inayovuta hewa kwa nguvu ya maji yanayopita, ni bei nafuu, lakini hunywa maji mengi, na presha ya bomba ikishuka nayo imelala.

Msimu ziwa linapokuwa kijani kwa mwani, kichujio huziba na mtu hushawishika kuongeza nguvu. Kama unapima klorofili, yaani rangi ya kijani ya mwani, usizidishe sentimita 15 za zebaki. Seli za mwani zitapasuka na rangi itapita na maji, nawe utaandika namba ndogo kuliko ukweli. Chuja maji kidogo zaidi, andika kiasi ulichochuja.

Mpira uwe mnene, mwembamba hujibana wenyewe. Chupa yenye ufa, hata kama unywele, itupe, maana hupasukia ndani na vioo kuruka. Vaa miwani. Moshi wa pampu uelekeze nje ya dirisha.

Oili chafu tunaiweka kwenye dumu lenye kifuniko na kumpa anayekusanya oili za gereji. Kwenye sinki haimwagwi. Ubavuni mwa kila pampu tumebandika karatasi yenye tarehe ya mwisho ya kubadilisha oili na jina la aliyebadilisha.