Prosesa ya laptopu kwenye kompyuta ya mezani

Ndugu wa Kondele, nimekuelewa: laptopu imekufa, prosesa yake ya i5-3210M ni nzima, na unataka kuihamishia kwenye madabodi ya mezani ya aina ya H61. Haitaingia. Kama ni ile ya kuchomoka, si ile iliyochomelewa kwenye bodi, ina pini tumboni. Soketi ya H61, yaani LGA1155, nayo ina pini zake, inataka prosesa yenye vidoa bapa. Tafadhali usiilazimishe, pini za soketi zikipinda umepoteza madabodi pia.

Tafuta prosesa ya mezani, i5-3470 ya mitumba, hapo Kisumu. Ila H61 nyingi za mwanzo haziitambui mpaka BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya madabodi) isasishwe, kwa hiyo beba madabodi dukani, fundi aiwashe ukiona, ndipo ulipe.

RAM ya laptopu pia haiingii. Diski ya SATA hamisha tu, ila nakili faili zako kwanza.