Maswali ya Wasomaji: Nyota ya Nge Inayofifia na Kung'aa

SWALI: Mhariri, nipo Nansio, Ukerewe. Nasikia ziko nyota kubwa zinazozungukana wawili wawili, na mwanga wake hupanda na kushuka. Naweza kuliona hilo kwa macho tu, hasa usiku wa giza ziwa linapojaa taa za wavuvi wa dagaa?

JIBU: Unaweza, na ya kuanzia ni Mu-1 katika kundinyota la Nge. Katikati ya Julai, saa nne usiku, inakuwa kusini kwako, nyuzi 54 juu ya upeo. Huko juu taa za dagaa haziifikii. Zinachoharibu ni uwezo wa macho yako kuzoea giza. Simama nyuma ya jabali linaloficha ziwa, kaa gizani dakika 20, simu iwe mfukoni.

Utaona nyota mbili zilizoachana kiasi cha moja ya tano ya upana wa Mwezi. Mu-1 ndiyo ya magharibi. Mu-2 ni jirani tu. Ukishindwa kuzitenganisha tumia darubini ya macho mawili, maana mwanga wa jirani unameza mabadiliko.

Mu-1 yenyewe ndiyo jozi. Nyota zake zimekaribiana mno hadi mvutano umezifanya ziwe na umbo la yai, na katika kila mzunguko wa saa 34 na dakika 43 kila moja humpita mwenzake kwa mbele na kumziba, yaani kumpatwisha. Ndiyo sababu mwanga hautulii hata baada ya kupatwa kwisha: zikigeuza ubavu, tunaona eneo pana zaidi linalong'aa. Ung'avu huanzia 2.9 na kushuka hadi 3.2 (namba ikipanda, nyota imefifia), karibu robo ya mwanga wote.

Linganisha na nyota nyingine mbili za Nge: Tau (2.8), jirani wa Antares, ile nyekundu inayong'aa kuliko zote katika Nge, na Eta (3.3) iliyo kusini zaidi. Mu-1 ikiwa mbili ya tano ya njia kutoka Tau kwenda Eta, andika 3.0. Epsilon, nayo ya Nge, iache, rangi yake ya chungwa hulidanganya jicho. Usipime Nge ikiwa chini ya nyuzi 30, wala usiku ule Mwezi mpevu unapopita karibu nayo.

Kinachowaangusha wengi ni saa. Siku 13 ni karibu sawasawa na mizunguko 9, hivyo anayepima saa nne kila usiku hupata nukta 13, kisha anazirudia zilezile. Pima mara mbili kwa usiku, ukiachanisha saa moja na dakika 20. Kipimo cha pili kitaangukia katikati ya nukta za kwanza. Hesabu siku tangu kipimo chako cha kwanza, saa na dakika zikiwa desimali, gawanya kwa 1.4463 (urefu wa mzunguko kwa siku), tupa namba nzima, kisha chora ung'avu juu ya desimali iliyobaki. Jicho hukosea kama 0.1, kwa hiyo vipimo kumi havitoshi. Na usifute kile kisichokupendeza.

SWALI: Na Mintaka, kwenye mkanda wa Orion?

JIBU: Nayo ni jozi ya nyota nzito, mzunguko wake siku 5.73, ila hubadilika kwa takriban 0.1 tu. Hiyo ni kazi ya kamera.