4 za shupaza: usimvizie bibi wa uru, waache wapinzani wakufungulie

Mkuu, mkataba wako wa bridge ulioanguka, 4 za shupaza (shupaza ndizo turufu, na unatakiwa kula mara kumi kati ya kumi na tatu), unatimia bila kubahatisha. Kwanza niweke karata mezani ili na wengine wafuate.

Kusini (wewe): shupaza ree, bibi, ghulamu, 9, 6, kopa mfalme, 5, uru ree, 10, 4, pau 8, 6, 3.
Kaskazini (mkono wa wazi, yaani karata za mwenzako zilizolazwa mezani, unazozicheza wewe): shupaza mfalme, 10, 8, 4, kopa ree, 7, uru mfalme, ghulamu, 5, 2, pau 9, 5, 2.

Magharibi alifungua kwa bibi wa kopa. Ulikula, ukazitoa turufu zao kwa mizunguko miwili, kisha ukacheza ghulamu wa uru kutoka mkono wa wazi ukidhani bibi yuko Mashariki. Kumbe yuko Magharibi. Akala, wakahamia pau, wakala tatu, ukaanguka kwa moja.

Unakula shupaza tano, kopa mbili, na uru mbili za juu: jumla tisa. Pau tatu ni zao, hakuna ujanja hapo. Ya kumi itatoka kwenye uru, na kwa kuwa bibi anaweza kuviziwa (kunaswa kwa kukisia nani anaye) pande zote mbili, ukaona ni nusu kwa nusu. Sasa angalia umbo la mikono: kopa mbili kwa mbili, pau tatu kwa tatu. Kwa kawaida mikono inayofanana hivi hukera, maana hakuna cha kutupa popote. Hapa ndiyo inayokuokoa.

Kula kopa ya kwanza kwa upande wowote. Toa turufu za wapinzani, mizunguko miwili tu zikiwa 2-2 (kila mpinzani ana mbili), mitatu zikiwa 3-1. Kula kopa yako ya pili. Halafu cheza pau, yoyote ile, uwaachie. Wakishakula zao tatu, wewe umebaki na turufu tatu (mbili zikiwa 3-1) na uru ree, 10, 4. Mkono wa wazi una turufu mbili (moja zikiwa 3-1) na uru zake zote nne. Kopa hamna, pau hamna, pande zote mbili. Aliyekula pau ya mwisho ndiye anayeanza, na kila karata aliyonayo inakufaa.

Magharibi akicheza uru, weka ndogo kutoka mkono wa wazi. Mashariki akitoa bibi, mpige kwa ree. Akitoa ndogo, 10 yako inakula. Mashariki akianza uru, weka 4: Magharibi akitoa bibi, mfalme anamla, asipomtoa, ghulamu anakula. Akikwepa uru akacheza kopa au pau, piga turufu kwenye mkono wa wazi na utupe uru 4 kutoka kwako. Umebaki na ree na 10 tu; ree na mfalme zinakula na mzunguko wa tatu wa uru ni wako kwa turufu. Wengi hukosea hapa: wanapiga turufu mkononi na kutupa uru ya mkono wa wazi. Hiyo haisaidii kitu, uru zako tatu bado zipo na bibi bado hujui aliko.

Kosa jingine ni kuendelea kutoa turufu kwa mazoea. Ukienda mizunguko minne, mkono wa wazi hauna turufu tena, na mpinzani anatoka salama kwa kopa. Vivyo hivyo ukisahau kula kopa ya pili kabla ya kucheza pau: watakurudishia kopa, utakula, na hapo huna tena karata ya kuwaachia ili wao ndio waanze.

Turufu zao nne hugawanyika 2-2 au 3-1 katika takriban mara 90 kati ya 100, na hapo mpango huu haushindwi. Zikiwa 4-0 mambo yanalegea, kwa sababu ukizitoa zote mkono wa wazi unabaki mtupu.

Kuna atakayesema kwenye mashindano ya jozi, ambako kila ya ziada ina thamani, angefukuzia ya kumi na moja: bibi akipatikana na uru zikawa 3-3, uru ya nne ya mkono wa wazi inakuwezesha kutupa pau moja yako. Uru sita huwa 3-3 kama mara 36 kati ya 100, na bado unahitaji kupatia upande. Mimi sifanyi biashara hiyo.

Wangefungua kwa pau wakala tatu kisha wakahamia kopa, ningekubali kwamba mtego huu wa kuwaachia waanze umekufa. Hapo unahesabu. Tuseme Mashariki aliishiwa pau mzunguko wa tatu, na turufu zilikuwa 2-2. Magharibi ana pau tano na shupaza mbili, nafasi sita za karata usizozijua zimebaki. Mashariki ana pau mbili na shupaza mbili, nafasi tisa. Bibi wa uru yuko Mashariki kwa 9 dhidi ya 6, yaani asilimia 60. Kula mfalme kwanza, kwa sababu Magharibi huenda ana bibi peke yake, kisha cheza 2 kuelekea 10. Hesabu ikielekeza Magharibi, geuza: ree kwanza, halafu 4 kuelekea ghulamu.